Saa ya Mpira Mkononi mwa Ottavio

Jumanne, 24 Septemba

Upepo wa kusini umevuma tangu alfajiri, ule wa joto unaoleta vumbi na kisirani. Tumerudi kwa Daktari Santaniello. Naandika kwa sababu nisipoandika nitamfokea mtu, na aliye karibu ni mume wangu Ottavio, na daktari amekataza asifokewe.

Mambo yenyewe ni haya. Tangu alipoanguka ngazini mwezi wa saba, tunajua kwamba moyo wa mume wangu una mchezo mbaya: unapiga, unapiga, halafu unanyamaza. Lakini kila tunapompeleka hospitali wakamfunga nyaya zao, moyo huohuo unashika adabu kama mtoto mbele ya wageni. Leo daktari hakuzunguka. "Donna Titina, siwezi kumtia mtu kisu kwa kusimuliwa. Nataka kulinasa hilo pengo. Nikilinasa, namtibu na anaishi. Nisipolinasa, akianguka tena huenda asiamke."

Ndiyo maana binti yetu Loredana ametuma saa janja kutoka Torino. Inavaliwa mkononi mchana na usiku, inasikiliza mapigo, inayaandika na kumpelekea daktari kwenye simu. Moyo ukizembea, inatetema. Ikitetema, Ottavio anatakiwa kukaa chini palepale, popote alipo, na sisi tumpigie daktari.

Ottavio aliitoa kwenye boksi kwa vidole viwili.

"Hii ni saa?"

"Ni saa."

"Hii ni kipande cha bomba la kumwagilia bustani, Titina. Unataka nivae bomba na suti ya fundi Ciccillo?"

Mkono wake wa kushoto una saa ya dhahabu ya marehemu baba yake, na hiyo haivuliwi ila akienda kuoga. Mume wangu ni mtu ambaye hashuki kutupa takataka bila tai. Hayo nimeishi nayo tangu tuoane na nimeyazoea, ila sikujua kwamba siku moja yangeweza kumuua.

Alhamisi, 26 Septemba

Hajaivaa. Ipo kwenye kisahani cha funguo.

Jumapili, 29 Septemba

Mchuzi wa nyama ulianza kuchemka asubuhi mapema, nyumba nzima ikanukia. Saa saba Loredana akapiga simu ya video, kama kila Jumapili. Ottavio akachomoka kitini, akaenda korido, akarudi ameivaa ile saa mkono wa kulia na amepandisha mkono wa shati ili ionekane.

"Baba, umependeza!"

"Wala siihisi, mwanangu. Ni kama nimezaliwa nayo."

Simu ilipokatwa, saa ikarudi kwenye kisahani. Nikamwambia, "Ottavio, una umri wa kudanganya mtoto?" Akaniambia nimwongezee jibini.

Alhamisi, 3 Oktoba

Tangu Jumatatu nimekuwa mwanamke mwenye furaha. Kisahani kilikuwa kitupu, nilipomuuliza akasema, "Nimeivaa, si ulitaka niivae?" Nami nikashukuru Mungu, nikamtengenezea biringanya za kuoka.

Leo simu ikalia. Daktari Santaniello mwenyewe.

"Donna Titina, uko na mumeo?"

"Yuko hapa, anang'arisha viatu."

"Ajabu. Maana kwa mujibu wa hii saa, alifariki Jumatatu. Anatembea vizuri sana, lakini hana mapigo hata moja."

Nikaenda jikoni. Nikamwambia anyooshe mikono. Kushoto, saa ya baba. Kulia, hakuna kitu. Nikamtazama mpaka akanyanyua mguu mwenyewe. Alikuwa ameifunga kwenye kifundo cha mguu, chini ya suruali, juu ya soksi. Juu ya soksi! Zile soksi ndefu za kufika gotini, kwa sababu mwanamume wa heshima akikaa haonyeshi ngozi ya mguu.

"Sasa itakusikiaje, na soksi ya sufu katikati?"

"Ningeiweka chini ya soksi, ingeniharibia mshono."

Nilicheka. Namuomba Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikakaa. Kisha nikaingia chooni nikalia, nikafungulia bomba la maji asinisikie.

Jumamosi, 5 Oktoba

Mvua. Hatusemezani.

Jumatano, 9 Oktoba

Mvua haijakatika. Tumegombana, na nashukuru tumegombana.

Nilimwambia yote. Kwamba yeye ni tausi. Kwamba wanawake wengine wanashindana na wanawake wenzao, mimi nashindana na kabati la nguo. Kwamba nimemshonea mashati maisha yangu yote, na sitamshonea la kuzikiwa. Nilidhani atanijibu kwa mzaha kama kawaida yake. Akavua miwani.

"Unakumbuka mwezi wa saba walivyonishusha?"

"Nakumbuka."

"Walikuwa wamenivua, nimebaki na fulana na chupi. Ghorofa nne, Titina. Milango yote wazi. Jirani yetu Donna Rachele amesimama na kijiko mkononi. Nilikuwa nimezinduka, nilikuwa nawaona wote. Kule hospitali wakanifunga utepe wa plastiki mkononi, umeandikwa jina na namba. Kila aliyeingia aliunyanyua mkono wangu kwanza, akausoma, ndipo akanitazama usoni. Wengine hawakufika usoni."

Akagusa ile saa ya mpira kwenye kisahani, akaisukuma kando kidogo.

"Nikiivaa hii, najiona nimelala tena pale."

Mtu unalala naye kitanda kimoja, unajua vipimo vya shingo yake, kifua chake, urefu wa mkono wake, na hujui aliona nini akiwa amelala kwenye machela. Nilidhani anajipamba ili watu wamtazame. Kumbe anavaa kwanza ili wakimtazama wamkute yeye mwenyewe. Nilimkumbatia akiwa amekaa, kichwa chake kikanifika tumboni, tukakaa hivyo mpaka maziwa yakamwagika jikoni.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimeitia ile saa kwenye mkoba nikaenda kwa Don Ciccillo Iovine, fundi anayemshonea Ottavio suti tangu wote wawili wakiwa na nywele. Ciccillo aliivaa, akaisogeza juu, akaisogeza chini, akaingiza mkono kwenye koti lililokuwa mezani, akautoa.

"Shemeji, ubaya wake si sura. Ni nene tu, na imekaa mkono usio wake."

Alikuwa ameona nilichokuwa nimekiona mimi. Sisi tunaoshona mashati kwa kipimo cha mtu, ncha ya mkono wa kushoto tunaikata pana zaidi ya kulia, kama upana wa ukucha hivi, ili saa iingie na kutoka bila kukwama. Mashati yote ya Ottavio nimeyakata hivyo. Kwa hiyo mkono wa kushoto una nafasi, lakini umekaliwa na saa ya baba, na mkono wa kulia umembana kama inavyopaswa. Ukiweka mpira ule kulia, shati linafutuka, kifungo kinavutika, mtu anaonekana ameficha kitu cha wizi.

"Mwambie aivue ya baba yake," Ciccillo akasema.

"Mwambie wewe."

"Mimi? Mimi bado nataka kuishi."

Tukanywa kahawa. Akanishauri nitupe ule mkanda wa mpira, kuna mtu nyuma ya kanisa anayekata mikanda ya ngozi, amkatie wa rangi ya viatu vyake vya kahawia. Makoti, akasema, atayapanua yeye kwenye mkono wa kulia, kidogo sana, hakuna atakayejua. "Mashati ni yako, shemeji. Hapo siingilii."

Nimekaa nikayatazama mashati. Kukata mikono miwili sawa kwa upana ni kosa ambalo ningemfukuzia mwanafunzi. Na ndicho nitakachofanya.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nafumua. Macho yanauma. Nje jua limetoka kidogo.

Jumatano, 16 Oktoba

Nafumua, nashona. Ottavio anauliza mashati yake yamekwenda wapi. Nimemwambia yamekwenda kuungama.

Jumapili, 20 Oktoba

Nilimwekea kitandani shati la buluu hafifu, tai, koti la kijivu lililotoka kwa Ciccillo jana, na ile saa kwenye mkanda wake mpya wa ngozi, kioo kimelala upande wa kiganja kama wavaavyo mabaharia. Nikarudi jikoni, nikakoroga mchuzi ambao haukuhitaji kukorogwa.

Alichukua muda. Kisha akaja akasimama mlangoni, akanyoosha mikono yote miwili, akaishusha, akainyoosha tena. Shati halikufutuka popote.

"Umenikatia kulia."

"Nimekukatia."

"Mashati yote?"

"Yote. Ukinidharau sasa, utatembea kifua wazi."

Akaubusu mkono wangu wenye harufu ya vitunguu. Halafu akashuka kwenda kunywa kahawa, nami nikamfuata dirishani kwa macho mpaka kona. Aliporudi alikuwa na kinyongo kidogo.

"Hakuna aliyeona."

"Si ndicho ulichotaka?"

"Ndiyo. Lakini hata mmoja?"

Asante Mungu kwa mtu huyu. Loredana alipopiga simu, saa ilibaki mkononi kabla na baada.

Jumamosi, 2 Novemba

Tumekwenda makaburini na maua, tukanunua halwa ya Siku ya Marehemu, tukala nusu njiani. Ottavio anatembea kila siku mpaka ufukweni na kurudi. Saa haijatetema hata mara moja. Daktari anasema subirini. Mimi siku nyingine naomba isiteteme kamwe, halafu nakumbuka kwamba bila hiyo hakuna tiba, nabaki sijui niombe nini. Basi nashukuru tu kwa leo.

Jumatatu, 11 Novemba

Barua imekuja. Klabu ya makasia wanafanya karamu yao ya mwaka Jumamosi, na wamemwomba Ottavio aseme maneno na kuinua glasi. Alipokuwa kijana aliwashindia kombe, nao hawajasahau, na yeye hajawapa nafasi ya kusahau.

Ni suti nyeusi ya usiku na tai ya kipepeo. Nikasema vizuri, nitapiga pasi. Akasema, kwa sauti ya upole kabisa, "Saa nitaziacha nyumbani. Zote mbili."

"Zote mbili kwa nini?"

"Titina. Unajua kwa nini."

Najua. Kila mtu hapa anajua. Mwanamume haendi karamu ya usiku na saa mkononi, kwa sababu ni kumwambia mwenyeji kwamba unahesabu dakika uondoke. Baba yake alimfundisha hivyo, na ni vazi moja tu ambalo hata saa ya baba yenyewe inavuliwa kwa ajili yake. Nikamwambia moyo haujui kama kuna karamu. Akaniambia ni usiku mmoja. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha, maana akiwa na hakika hapazi sauti.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimempigia Loredana. "Mama, mwambie nitakuja kumvalisha mimi mwenyewe!" Nimemwambia abaki alipo. Nimepiga pasi shati jeupe mara mbili.

Jumapili, 17 Novemba

Yuko hai. Naandika nikiwa kwenye kiti cha hospitali, mkoba magotini. Nitaeleza yote kwa utaratibu ili nisiyapoteze.

Jana tulitoka nyumbani mikono yake ikiwa mitupu. Saa ya baba aliilaza juu ya mto wa kitanda, upande wake. Ile nyingine niliitia kwenye mkoba wangu akiwa bafuni. Sikuwa na mpango wowote, nilitaka tu isikae peke yake nyumbani.

Karamu ilikuwa nzuri. Mishumaa, samaki, watu wazima wanaitana kwa majina ya utoto. Alikuwa na uso mzuri, akicheka, lakini alipokuwa akikata mkate nikaona ameacha kisu, akasubiri kidogo, akakichukua tena. Mwingine asingeona. Nikatoa saa kwenye mkoba, nikaushika mkono wake wa kulia, nikaushusha chini ya kitambaa cha meza.

"Unafanya nini?"

"Nakufungua shati."

"Titina, watu wanaona."

"Wanaona mke amemshika mumewe mkono. Waache waone wivu."

Nilikitoa kifungo cha dhahabu cha mkono wa shati kwa kugusa tu, bila kutazama. Vidole vyangu vimefungua na kufunga mikono ya mashati maisha yote, havikunihitaji. Angeweza kuuvuta mkono. Alikuwa akimsikiliza jirani yake wa kushoto akisimulia habari za boti, anatikisa kichwa, anasema "kumbe, kumbe," na chini ya meza alikuwa amenigeuzia kiganja juu. Nikaifunga saa. Nikarudisha kifungo. Akanibana vidole.

Kisha wakamwita. Akasimama, na ukumbi wote ukasimama naye na glasi mkononi, kwa sababu kwao huyu ni Don Ottavio. Alianza vizuri. Aliwataja waliokufa, akawachekesha, nami nikaanza kupumua. Alikuwa anakaribia mwisho, glasi amekwisha kuiinua, niliposikia mtetemo. Mdogo tu, kama nzi kwenye pazia. Sikuusikia kwa masikio, niliuona usoni mwake.

Namjua. Mwanamume huyu hajawahi kumwacha mtu amesimama. Yalibaki maneno mawili tu, "basi tunywe," na heshima yote ingetimia, na watu wote wale walikuwa wanamngoja kwa mikono iliyoinuliwa. Akanitazama.

Akaiweka glasi mezani.

"Niwieni radhi," akasema. "Mke wangu ananitaka nikae."

Akakaa. Macho yakamgeuka, kichwa kikanilalia begani, na kwa muda ambao sitaki kuujua urefu wake nilikuwa nimemshika mtu ambaye hayupo. Lakini alikuwa ameketi kwenye kiti, nami nimemzunguka kwa mikono yote miwili. Angekuwa bado amesimama, pale kulikuwa na sakafu ya mawe, na kona ya meza.

Akarudi. Akafungua macho, akauliza kama wamekunywa. Nikamwambia hawajanywa, wanamngoja. "Basi wanywe," akasema, na wale wazee wakanywa huku machozi yanawatoka, na gari la wagonjwa lilikuwa limeshaitwa.

Daktari Santaniello alikuja akiwa amevaa koti juu ya nguo za kulalia. Akaweka simu yake mbele yangu. Mstari unapanda, unashuka, unapanda, halafu umenyooka, tambarare, halafu unapanda tena.

"Nimelinasa, Donna Titina," akasema. "Nimelinasa!" Tukakumbatiana korido, yeye na nguo zake za kulalia na mimi na lulu zangu.

Jumatano, 20 Novemba

Wamemtia betri ya moyo chini ya ngozi, kifuani upande wa kushoto. Imechukua muda mfupi kuliko kushona kola. Ameuliza kama itaonekana kwenye koti.

Jumapili, 24 Novemba

Nyumbani. Lifti imekufa tena, ghorofa nne amepanda kwa miguu yake, polepole, akiwasalimia wote walioko milangoni kwa kuvua kofia. Loredana amekuja. Nimepika supu ya kuku tu, na imeliwa yote. Nashukuru, nashukuru, nashukuru.

Jumapili, 8 Desemba

Baridi imeingia. Jana tulikwenda kwa daktari, na amesema betri sasa inafanya kazi yote, ile saa si lazima tena, tunaweza kuirudisha kwa Loredana au kumpa mtu. Ottavio akajibu kwamba atafikiria. Nilidhani ameizoea.

Asubuhi ya leo nilitengeneza kahawa, nikammiminia, nikakaa mbele yake nikiwa na gauni langu la nyumbani. Akanyoosha mkono juu ya meza.

"Nipe mkono wako."

"Wa nini?"

"Nipe, bwana."

Akanipandisha mkono wa gauni, akaifunga saa kwangu. Alihangaika na tundu la mkanda, mkono wangu mwembamba, ikabidi atumie la mwisho kabisa. Sijawahi kuvaa kitu mkononi, anayeshona havai, kinashika uzi.

"Mimi sina ugonjwa, Ottavio."

"Msimu mzima mnausikiliza moyo wangu. Wewe, Loredana, daktari, mpaka Ciccillo. Wa kwako nani anausikiliza?"

Kile kioo kikawaka, namba ikatokea, ikabadilika, ikabadilika tena. Akavaa miwani, akauvuta mkono wangu karibu na uso wake, akaanza kuutazama moyo wangu. Nikamwambia, "Kunywa kahawa." Akasema ndiyo. Hakunyanyua kikombe. Nimemjua mtu huyu tangu nikiwa msichana, hajawahi kuiacha kahawa ipoe, na leo imepoa mbele yake.